Tupeane uzoefu: wimbo gani wa picha ya zamani haujakutoka mpaka leo?

Mwana wa Vuga

Assalaam alaykum, na habari za jioni wadau.

Wiki iliyopita mpwa wangu, kijana wa miaka 19, alikuja kunitembelea. Nikamwekea Awaara, picha ya Kihindi ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Alitulia, akaifuata hadithi, akauliza maswali ya maana. Lakini kila wimbo ukianza, mkono unakwenda kwenye rimoti, anausukuma mbele. "Mjomba, hapa si wanaimba tu? Hadithi imesimama."

Nikamwomba ile rimoti. Alikuwa ameshairuka ndoto, na mtu aliyeiruka ile ndoto hajaiona Awaara.

Kwa ambao hawajaiona: Jaji Raghunath anamfukuza mkewe mjamzito kwa sababu aliwahi kutekwa na jambazi Jagga, naye akaingiwa na shaka kuhusu ile mimba. Mtoto, Raj, anakulia kwenye vichochoro, na Jagga huyohuyo ndiye anayemfundisha wizi. Ukubwani anampenda Rita, mwanasheria aliyelelewa na yule jaji. Rita ni Nargis. Sasa Raj atamwambiaje kwamba yeye ni mwizi? Hana ulimi wa kulisema. Hapo ndipo inapokuja ndoto ya karibu dakika tisa. Mawingu yamefunika sakafu, kuna ngazi inayopanda isikojulikana, Nargis yuko juu anamwita. Mara Raj yuko kwenye moto, masanamu ya kutisha yamemzunguka, analia kwamba hii jehanamu haitaki. Nargis anashuka, anampandisha, ngoma zinabadilika, na sauti ya mwimbaji Lata Mangeshkar inaingia na Ghar Aaya Mera Pardesi, yaani msafiri wangu amerudi nyumbani. Umeshaanza kupumua, na hapo Jagga anachomoza mbele yao mkubwa kama mnara, kisu mkononi. Raj anaamka kwa kelele. Baada ya hapo huhitaji kuelezwa anaogopa nini.

Bibi yangu alikuwa akenda Majestic, jumba la sinema pale Vuga, Unguja, kwenye maonyesho ya wanawake peke yao. Kihindi hakukijua. Lakini ule wimbo ukipigwa redioni alikuwa anauweka ungo chini, mchele umechaguliwa nusu, mpaka uishe. Na kila mara alisema neno moja: "Huu wa Umm Kulthum." Mie nikidhani ni maneno ya wazee tu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo niliposikiliza Ala Balad el-Mahboub, wimbo wa miaka ya 1930 alioimba huyo Umm Kulthum wa Misri, nikabaki nimeduwaa. Sauti, yaani mahadhi, ni ileile! Bibi, aliyekuwa akisikiliza Cairo na Bombay kutoka baraza moja, alilijua hilo bila kufundishwa na mtu.

Basi naomba tusimuliane. Wimbo upi, uliuonea wapi, na ulikueleza nini ambacho maneno matupu yasingekueleza? Msitaje jina tu mkaondoka. Semeni na habari yake.

Ngamiani

Mimi ni wa Tanga, enzi za majumba ya sinema ya Majestic, Novelty na Regal. Wimbo wangu ni wa Mother India, 1957.

Sisi watoto tulikuwa na sheria yetu: stelingi hafi, na adui lazima apigwe. Picha ile iliivunja kwa namna ambayo sikuwahi kuona, maana mwisho mama anamlenga bunduki mwanawe wa kumzaa, Birju, kwa sababu amemteka msichana wa kijiji, na anafyatua. Watu wengi hukumbuka hapo. Mimi nakumbuka kabla ya hapo. Mume amepoteza mikono yote miwili chini ya jiwe na kuondoka, mafuriko yamepita, na Radha, ndiye huyo mama, amebaki na wanawe wadogo. Anajifunga jembe la kukokotwa, analivuta mwenyewe kama ng'ombe, watoto wako naye kwenye tope. Wimbo unasema, kwa maana yake, kwamba tukishakuja duniani hatuna budi kuishi.

Marehemu mama alikuwa mjane, akilima mahindi Muheza. Alinipeleka siku hiyo kwa sababu nilikuwa nimefaulu mtihani. Ulipoanza huo wimbo nilimgeukia nikamwona anajishika bega la kulia, hapa juu, pale anapoegemeza mzigo. Hakulia, alishika bega tu mpaka wimbo ukaisha. Njiani hatukuzungumza. Tulipofika nyumbani aliwasha moto, akanipikia wali siku ambayo haikuwa ya wali.

Nina miaka mingi sasa na sijamwona mwigizaji mwingine aliyemfanya mama yangu ajishike bega.

Dada wa Upanga

Ngamiani, umeniliza.

Langu fupi. Sisi Dar tulikuwa na drive-in, ile iliyofunguliwa 1966, pale ulipo sasa ubalozi wa Marekani. Jumapili ndiyo siku ya picha ya Kihindi. Familia nzima ndani ya gari moja, sufuria la pilau limefungwa kitambaa, mikeka nyuma, spika inaning'inizwa dirishani. Watoto tulikuwa tunalala kabla ya nusu ya picha. Kwa hiyo picha nyingi za wakati ule nazijua kwa nyimbo tu, nilizozisikia usingizini. Nilipokuja kuziangalia ukubwani, hadithi ilikuwa ngeni lakini nyimbo zote nilikuwa nazo tayari.

Mtoto wa Makadara

Kwetu Mombasa mambo yalikuja kwa mlango mwingine. Mimi nyimbo za picha nilizijua kwanza kwa taarabu. Marehemu Juma Bhalo alikuwa bingwa wa kuchukua sauti ya Kihindi na kuitilia mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani, mpaka huwezi kusema kilichotoka Bombay ni kipi na cha Mji wa Kale ni kipi. Harusini kwetu alikuwa lazima.

Kulikuwa na wimbo wake mmoja ambao mamangu aliuimba kila akifua. Siku moja ndugu yangu mkubwa akanipeleka Naaz, picha ikaanza, na katikati nasikia sauti ya wimbo wa mamangu inatoka kwa mwanamume wa Kihindi aliyepanda farasi! Nilisimama kitini. Nilikasirika, nikaona wametuibia. Ndugu yangu akacheka mpaka waliokuwa nyuma wakamwambia anyamaze.

Sasa nikiulizwa ni wa nani, nasema wa wote wawili. Sauti ile ilipofika Mombasa ilikuta watu wanaojua kutunga, ikapewa maneno ya kwetu yenye uzito wake. Hayo hayakuwa mashairi ya kutafsiri. Wimbo wa picha ulikuwa wa mapenzi, na wa Bhalo kwa sauti hiyohiyo ukawa wa kulalamikia rafiki aliyekugeuka. Maneno mengine, jeraha lingine, na sauti ikayabeba yote mawili.

Fundi Sauti

Kazi yangu ni kurekodi, kwa hiyo niruhusuni niseme kuhusu wale ambao hatuwaoni.

Katika picha hizi wimbo hurekodiwa kwanza studio. Siku ya kupiga picha unachezwa kwa spika, mwigizaji anafuatisha kwa midomo. Nargis haimbi, ni Lata. Raj Kapoor haimbi, ni Mukesh. Huko nyuma hata majina yao yalifichwa. Ilipotoka Mahal mwaka 1949, santuri ya Aayega Aanewala iliandikwa kwamba mwimbaji ni "Kamini". Kamini ni jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala! Wasikilizaji wakaanza kuisumbua redio: huyu ni nani hasa? Ndipo jina la Lata likaanza kutajwa hewani, na halikuacha kutajwa hadi alipofariki Februari 2022.

Sasa linganisheni na Hollywood. Kulikuwa na mama anaitwa Marni Nixon. Aliimba badala ya Deborah Kerr kwenye The King and I (1956), badala ya Natalie Wood kwenye West Side Story (1961), na sehemu kubwa ya nyimbo za Audrey Hepburn kwenye My Fair Lady (1964). Kwenye skrini jina lake halikuandikwa. Bombay watu walinunua tiketi kwa ajili ya mwimbaji wasiyemwona, na Hollywood wakaifanya siri. Mimi naona Bombay ndiyo waliomtendea mwimbaji haki, ingawa nao walichelewa.

Ndiyo maana Singin' in the Rain (1952) naipenda kuliko zote za Marekani. Hadithi yake ni hiyohiyo: sinema imeanza kusema, nyota Lina ana sauti ya kukwaruza, na msichana Kathy anawekwa nyuma ya pazia aimbe badala yake. Mwisho pazia linavutwa mbele ya watazamaji. Na kuna siri ndani ya siri: pale Kathy anapoonekana akitia maneno badala ya Lina, sauti tunayoisikia ni ya Jean Hagen, yuleyule anayeigiza Lina. Sauti yake ya kweli ilikuwa nzuri kabisa.

Na ule wimbo wa mvua, uangalieni miguu. Kamera inamwacha Gene Kelly aonekane mwili mzima, kutoka kofia hadi kiatu, muda mrefu bila kukatwa. Alikuwa na homa ya nyuzi 39 alipoucheza. Siku hizi dansi linakatwa vipande vya sekunde moja moja, hujui kama mtu anacheza au mhariri ndiye anayecheza.

Sauti ya Pili

Mimi sikuwahi kuingia jumba la sinema utotoni. Picha yangu ya kwanza ni The Sound of Music, ile ya 1965, ukutani mwa bwalo la chakula, shule ya bweni ya masista. Sista alitandika shuka mbili zilizoshonwa pamoja, na mshono ulipita katikati ya uso wa Julie Andrews muda wote.

Wanakwaya mtanielewa. Sisi nota tulifundishwa kwa d, r, m, f, zilizochapwa kwa taipu kwenye karatasi, nami nilizikariri kama sala bila kujua kazi yake. Mle ndani Maria anawakalisha watoto mlimani na gitaa, watoto ambao baba yao alikuwa amepiga marufuku kuimba nyumbani, anaanza na do, re, mi. Wimbo mmoja tu, lakini unaanzia mlimani, unapita mjini Salzburg, na unaishia kwenye ngazi za bustani ya Mirabell, watoto wanaruka daraja kwa daraja, juu na chini, kufuata nota. Nikaona ngazi. Kumbe nota ni ngazi! Asubuhi yake nikamwendea mwalimu wa kwaya nikamwambia sasa naelewa kwa nini s iko juu ya m.

Leo nafundisha kwaya ya parokia. Wanaoanza nawapanga kwenye ngazi za kanisa, kila mmoja na nota yake.

Bint Ruwi

Salaam kutoka Maskati. Familia yetu ilitoka Unguja, na mama yangu hadi leo akisema "picha" ana maana moja tu: Mughal-e-Azam, 1960.

Sehemu kubwa yake ilipigwa nyeusi na nyeupe. Mfalme Akbar hataki mwanawe Salim amwoe Anarkali, mcheza dansi wa ikulu. Anarkali anaingia kwenye ukumbi wa vioo, na hapo ghafla picha inageuka rangi. Mama anasema ukumbi mzima wa sinema ulivuta pumzi kwa pamoja. Kisha Madhubala anaimba mbele ya mfalme, kwa sauti ya Lata: nimependa, niogope nini? Anapofika kwenye maneno kwamba mapenzi yetu hayawezi kufichika, sura yake inatokea kwenye kila kipande cha kioo darini, maelfu ya Anarkali wadogo wanazunguka, na mfalme kila akiinua macho anamwona. Ataagiza afungwe, lakini amefungwa yupi kati ya wote wale? Msichana asiye na cheo amelijaza jumba la mfalme, na silaha yake ni wimbo. Na huyo Madhubala alikuwa mgonjwa wa moyo tangu kuzaliwa. Alifariki 1969, akiwa na miaka 36.

Mwaka 2004 waliitia rangi picha nzima. Nikamletea mama kwa furaha, nikidhani nimempa zawadi. Aliangalia mpaka ukumbi wa vioo, akasema, "Wameuharibu." Nikamuuliza vipi, mbona ni uleule? Akasema, "Sasa rangi zimekuwepo tangu mwanzo. Sie tulikaa gizani kwanza."

Nimelifikiria sana neno hilo.

Mwana wa Vuga

Nimesoma yote. Ngamiani, Allah amrehemu mama.

Niwape habari ya mpwa. Ijumaa alirudi mwenyewe, akaomba tuirudie Awaara, tangu mwanzo, rimoti ikae kwangu. Kwenye ndoto hakusema neno. Ilipokwisha akaniuliza kwa nini ile ngazi haina nyumba. Sikuwa na jibu, tukairudisha tukaiangalia tena. Baadaye akagundua kwamba jaji na Raj wanafanana mashavu na macho. Nikamwambia wafanane vipi tena, na huyo ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor. Na yule mtoto anayeigiza Raj mdogo ni Shashi, ndugu yake wa tumbo moja. Akataka turudi kwenye kesi, pale Raj anapomtazama baba yake, amwangalie upya.

Ijumaa ijayo ni Mughal-e-Azam. Bint Ruwi, baada ya maneno ya mama yako sitaki kumwonyesha ile ya 2004. Mwenye nakala isiyotiwa rangi yote aniambie anaipata wapi. Nataka akae gizani kwanza.