Sabufa kwenye Fielder bila kung'oa redio: naombeni ushauri kabla sijalipa

Msafiri_wa_Riat (Kisumu)
Ndugu zangu, nina gari aina ya Toyota Fielder. Kila Jumamosi napanda Riat, napita Kiboswa na Mbale mpaka Chavakali kumwona mama. Njia nzima nasikiliza benga, na benga bila gita la besi imepungukiwa na nusu yake. Spika zilizokuja na gari zinatoa sauti ya mwimbaji vizuri, lakini besi haipo. Nikiongeza sauti, milango inakwaruza tu.

Fundi mmoja hapa mjini anataka kung'oa redio aweke ya skrini kubwa, halafu kasha la sabufa (spika za besi) mbili za inchi 12 na amplifaya iliyoandikwa wati 3000. Umeme atauvuta kwenye waya wa kiberiti cha gari ili asipitishe waya mpya. Yote 42,000.

Redio siitaki kung'olewa, maana vitufe vya usukani na kamera ya nyuma vinaitegemea. Buti nalo nalihitaji, mama hanirudishi mikono mitupu. Je, kuna njia nyingine? Na betri itahimili?

Nyundo_Kibuye
Njia ipo. Hiyo ya kiberiti ikatae leo hii.

Fundi_Waya_Nakuru
Kaka, redio yako ibaki. Besi unaichukua kwenye waya za spika za nyuma. Tafuta amplifaya yenye ingizo la waya za spika. Nyingi za aina hiyo huwaka zenyewe zikisikia redio imewashwa. Ukipata isiyo nalo, unafunga konvata katikati ishushe nguvu ya ule mkondo, na waya wa kuiwasha unautoa kwenye umeme unaokatika ukizima gari. Ukiufunga moja kwa moja kwenye betri, asubuhi gari haliwaki.

Kuhusu wati 3000: geuza hiyo amplifaya utazame fyuzi zake. Ukikuta ampea 30, piga hesabu: 30 mara volti 13 ni kama 390, na sehemu inapotea kuwa joto. Unabaki na wati 300 hivi. Wati 3000 za kweli zingetaka zaidi ya ampea 200, na altaneta (mtambo unaochaji betri) ya gari dogo haizitoi. Namba ya kuangalia ni ile ya RMS, yaani wati inazotoa mfululizo.

Kwako wewe sabufa moja ya inchi 10 kwenye kasha lililozibwa, na amplifaya ya RMS 250 hadi 300, inatosha. Buti la Fielder limeungana na chumba cha abiria, besi haizuiwi na kitu. Na kasha lililozibwa linatoa besi inayokatika upesi, utasikia kila kidole cha mpiga gita. Lenye tundu linavuma zaidi, lakini kwa benga naona linapaka matope.

Fyuzi ya kiberiti kwa kawaida ni ampea 15. Mzigo huu unaweza kufika ampea 27. Akiikuta inakatika kila mara, ataweka kubwa zaidi, na hapo waya mwembamba ulio nyuma ya dashibodi ndio utakaoungua. Vuta waya wa shaba geji 8 kutoka kwenye betri, fyuzi ya 40 isizidi nusu mita kutoka betrini, na pale unapopenya ukuta wa injini uvalishwe mpira.

Mama_Pacha_Kakamega
Hilo la fyuzi naomba ulishike, mdogo wangu. Gari langu lilifungwa bila fyuzi pale betrini. Waya ulisuguliwa na bati mpaka ganda likaisha, moshi ukajaa nikiwa na watoto wawili nyuma. Tulitoka salama, lakini kila nikisikia harufu ya plastiki mwili hunisisimka. Simama hapo ukiangalia anavyofunga.

Base_Bondeni
Mimi naona redio mpya ina faida. Ina matundu ya RCA ya kupeleka sauti kwenye amplifaya, sauti inatoka safi. Na redio za Kijapani nyingi FM yake inaishia 90.

Fundi_Waya_Nakuru
Ni kweli, na redio nyingine za kiwandani hupunguza besi zenyewe sauti ikipanda, kwa hiyo ajaribu yake kwanza. Ila hiyo pesa ingemnunulia sabufa na waya wa maana.

Msafiri_wa_Riat
FM nilishafungiwa kigeuza masafa. Nimejaribu sasa hivi, besi haipungui nikipandisha sauti. Waya za spika za nyuma nitazijuaje? Na betri?

Fundi_Waya_Nakuru
Usiamini rangi. Mwambie fundi afungue mlango wa nyuma, aone waya zinazoingia kwenye spika, kisha azifuate kwa mita mpaka nyuma ya redio. Betri ipime injini ikiwa imezimwa: volti 12.6 ni nzima. Injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma hivyo na husikilizi gari likiwa limezimwa, haina shida.

Waya wa hasi uwe mfupi, ukae kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Kichujio cha besi kwenye amplifaya anzia hezi 80, geini (kirekebishi cha nguvu ya sauti inayoingia) ipandishe polepole. Na kasha lifungwe kwa mkanda. Ukikanyaga breki kali pale mteremko wa Riat, litakuja mbele.

Nyundo_Kibuye
Namba ya gari nayo itagongagonga. Bandika sponji nyuma yake.

Msafiri_wa_Riat
Asanteni sana. Nimemwambia fundi redio haiguswi. Amekubali, na waya wa shaba na fyuzi nitanunua mwenyewe kesho.