Jedi isiyojulikana ilikochimbwa: umri wake tuusadiki?

Mleta mada: Wakuu, kitu cha jedi (jade, jiwe gumu la vito) kutoka China ya kale kikitokea mnadani bila kujulikana kilichimbwa wapi, ni halali kukibandika kibao cha "miaka 5,000, cha ibada ya ardhi"? Mimi nakataa. Jiwe halina kaboni ya kupimwa, na ukiupima mwamba utapata umri wa mwamba, si wa mkono uliouchonga. Kinachopimwa ni jirani zake kaburini: mkaa, mifupa, vyungu.

Mwaka 1986 huko Fanshan, karibu na Hangzhou, China, kaburi namba 12 lilitoa cong, kitu cha jedi cha kilo 6.5: nje mraba, katikati tundu la duara, na ubavuni mtu mwenye kilemba cha manyoya juu ya mnyama wa macho makubwa, picha nzima haizidi sentimita 4. Hiyo ni ya Liangzhu, utamaduni wa kale wa China (takriban 3300–2300 KK), sibishi. Ila wanaosema "cong ni ya ardhi, bi (sahani ya jedi yenye tundu katikati) ni ya mbingu" wamelitoa hilo kwenye Zhouli, kitabu cha Kichina cha taratibu za utawala na ibada, kilichokuja kama miaka 2,000 baada ya Liangzhu kwisha!

Fundi wa Vito: Nusu nakuunga mkono. Jedi haikwaruzwi na kisu, husagwa kwa mchanga mgumu na maji, na kazi hiyo huacha alama. Tundu lililotobolewa kutoka pande mbili likakutana katikati mara nyingi lina kijukwaa ndani. Kipitishie kidole utakihisi. Jicho lililozoea si la kudharauliwa. (Ingawa mghushi naye ana jicho.)

Bint Hamadi: Na kaburi lenyewe mnaliamini mno. Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding wa China, alizikwa Anyang mnamo 1200 KK. Kaburi lake lilipochimbwa 1976 zilihesabiwa jedi 755, na baadhi zilikuwa tayari za kale alipozikwa nazo, zikiwemo za mtindo wa Hongshan, utamaduni wa kale zaidi wa kaskazini. Nikizikwa na bangili ya bibi yangu, bangili itakuwa ya mwaka wangu? Kaburi linakuambia kitu kiliingia lini, basi.

Mleta mada: Dada, hapo umenibana. Sawa, kaburi linatoa ukomo: hakikuchongwa baada ya hapo. Bado ni zaidi ya kile cha mnadani, kisicho na ukomo wowote.

Mzee Kijiweni: Kubandika vibao hakukuanza leo. Mfalme Qianlong wa China, karne ya 18, alidhani cong ni pambo la ncha ya mpiko. Akaamuru shairi lake lichongwe ndani ya moja, sasa iko Taipei. Shairi limesimama wima, cong ndiyo iko kichwa chini 😂

Mleta mada: Basi waandike hivi: "Mtindo wa Liangzhu. Mahali ilipochimbwa hapajulikani. Matumizi hayajulikani."

Fundi wa Vito: Waandike hivyo halafu wamuuzie nani, mkuu?