Ugatuzi ulitia nanga Amu. Sisi wa Pate tungoje mpaka lini?

Wana Lamu wenzangu, nimenyamaza vya kutosha.

Baba yangu ni mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, ana miaka 68. Mwezi huu amekwenda Amu, yaani mji wa Lamu, mara tatu kwa karatasi moja, leseni ya chombo chake. Kwa msiovijua visiwa vyetu: boti la Amu hulipandi utakapo. Linafuata maji, kwa kuwa mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki maji yakitoka. Ukichelewa ofisini, umelala Amu. Safari ya kwanza alilala mtaa wa Langoni kwa shangazi. Ya pili akaona haya kugonga mlango ule ule, akalala barazani kwa watu. Mzee wa miaka 68!

Karani wa kwanza: "Mzee, hii si kazi ya kaunti, ni ya serikali kuu." Wa pili: "Uvuvi umegatuliwa, mzee wangu, rudi kule kule." Safari ya tatu, mwenye muhuri yuko Mombasa, semina.

Nikaifungua Katiba ya 2010 nisome mwenyewe. Jedwali la Nne limeutaja uvuvi pande zote mbili! Serikali kuu imeupata ndani ya ulinzi wa mazingira na mali asili, kaunti imeupata ndani ya kilimo. Basi kila karani ana pa kujifichia, na anayepigwa danadana ni baba. Lakini Katiba hiyo hiyo, Kifungu 174, inasema ugatuzi ni wa kumpelekea mwananchi huduma karibu, popote alipo Kenya. Kifungu 176 kinaitaka kila kaunti nayo igatue kazi zake kadiri inavyowezekana. Yaani yaliyotoka Nairobi hayakukusudiwa kukwama Amu. Serikali za kaunti zina kazi tangu 2013. Muhuri wa leseni kuvuka maji ni jambo la miaka mingapi?

Na hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Kila msimu wa siasa tunaletewa dawa mpya. Babu yangu alikuwa mtu wa Mwambao, hakutaka ukanda wa maili 10 uwe chini ya Nairobi. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar wakatia sahihi, yakaisha, bila ya kura ya maoni ya watu wa pwani. Tukaambiwa yapo majimbo, kila mkoa na serikali yake, yakavunjwa mwaka uliofuata. Juzi BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, mpaka Mahakama ya Juu ikaizima Machi 2022. Sasa nasikia tena watu wanataka Katiba ifumuliwe, na vijana wanarudia "Pwani si Kenya".

Vijana siwalaumu, uchungu wao ni wangu. Tulipokatazwa kuvua usiku kwa sababu ya usalama, nyumba ngapi zilikosa chakula? Lakini nawauliza: Pwani ikijitawala, mji mkuu ukawa Mombasa, baba atafuata muhuri wapi? Si atapanda boti lile lile, alale baraza ile ile? Mtu wa Kiunga je, na mtu wa jamii ya Waboni kule Basuba? Kuhamisha kiti kikubwa kutoka Nairobi hakumfikii mtu wa kisiwani kama hakuna anayelazimishwa kushuka chini.

Kwa hivyo nawataka wawakilishi wa wadi zetu za Lamu Mashariki wajibu kwa wazi. Kwa nini afisa wa kaunti na wa serikali kuu wasikae meza moja Faza, kisiwani kwetu Pate, hata siku mbili tu kwa mwezi, siku za bamvua, maji yakijaa sana, boti zinapopita vizuri, wamalize kazi za leseni hapo hapo? Hilo halihitaji kubadilisha hata herufi moja ya Katiba. Kuna aliyewahi kulipeleka bunge la kaunti? Lilikataliwa na nani?

Baba anaondoka tena Jumatatu alfajiri, maji yakijaa. Safari hii nakwenda naye, na majibu ya kila ofisi nitayaandika hapa.