Bango la ubora getini, kipima unyevu kibovu: viwanda vya unga Dodoma mnatuchosha

Wakuu, mods naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa mishahara, haya ni mambo mengine kabisa.

Niko mapokezi ya nafaka kwenye kiwanda cha unga hapa Dodoma. Jina siweki, bado nalisha watoto kwa hapo. Uongozi ulileta mshauri, tukakalishwa semina ya TQM, usimamizi wa ubora wa jumla, tukagawiwa fulana na vyeti. Getini likapanda bango: UBORA NI JUKUMU LA KILA MMOJA. Kipima unyevu chetu kinasoma namba ileile, ukiweka mahindi mabichi au makavu. Ukiomba kingine, bajeti hakuna. Ya bango ilipatikana!

Lori linaingia usiku kutoka Kibaigwa. Nachoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, kwenye gunia la kati, punje zinatoka zimefifia rangi, nyingine zina ukungu wa kijani pale kwenye kiini. Naing'ata moja, inabonyea. Kiwango ni unyevu usizidi asilimia 13.5. Namwambia dereva apaki. Dakika hiyohiyo afisa manunuzi yuko hewani: "Wewe pakua, mzigo umeshalipiwa, tumepata kwa bei nzuri." Baadaye mteja akirudisha unga unanuka, barua ya onyo anaandikiwa nani? Mtu wa mapokezi.

Na hii si harufu tu. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu kanda hii hii, huko Chemba na Kondoa, kwa mahindi ya kula nyumbani. Kiwango cha Afrika Mashariki ni isizidi sehemu 10 kwa bilioni, sasa kwa meno yangu hiyo naipimaje? Na moto wa kusonga ugali hauiondoi.

Kilichoniudhi zaidi, mshauri alimsifia sana Deming, yule Mmarekani aliyekwenda kuwafundisha Wajapani mambo ya ubora mwaka 1950. Sawa. Hizo hoja zake 14 mabosi wetu wamezisoma? Alisema waache kaulimbiu, waache kununua kwa kuangalia bei peke yake, waondoe woga kazini. Alisema kasoro nyingi zinatoka kwenye mfumo, na mfumo uko mikononi mwa uongozi. Sisi tumebaki na fulana.

Ukaguzi wa cheti cha ubora cha kiwanda ukikaribia ndiyo vituko. Fomu za miezi iliyopita zinajazwa kwa mkupuo, kalamu moja, mwandiko mmoja, chai na maandazi mezani. Mkaguzi anapitisha.

Juzi wametangaza tuzo ya mfanyakazi bora wa ubora, picha inabandikwa mapokezi. Aliyeshinda ni afisa manunuzi.

Mlioko viwanda vya alizeti Singida, na nyie wa mvinyo hapa Dodoma: kwenu mtu wa mapokezi ana mamlaka ya kurudisha lori, au naye anang'ata punje tu? Nijibuni hilo. Habari za "acha kazi" msiniletee.