Bendi yetu inakosa kazi kwenye baa, naomba ushauri
Wakuu, habari zenu. Napiga gitaa la besi kwenye bendi ya watu 7. Zamani tulipiga baa tatu kwa wiki, sasa hata moja kwa mwezi ni bahati. Wenye baa wanachukua DJ: anakuja peke yake na kompyuta yake, hana habari za kufunga vyombo na kupima sauti saa nzima. Sisi malipo hayohayo tunagawana saba, bado usafiri wa spika.

Nashauriwa tubaki watatu: gitaa, tumba na mwimbaji. Lakini mpiga drams nimeanza naye tangu siku ya kwanza, namwambiaje?

Na je, kuna aliyewahi kukubaliana na mwenye baa alipwe asilimia ya mauzo ya usiku? Mlihesabiana vipi bila kugombana?