Mjadala: Programu huria za hospitali zetu, nani azilipie?

Mtoa hoja:
Wenzangu, nimekaa dawati la takwimu kliniki miaka minane. Mgonjwa wa ARV akifika, naandika namba yake, na kwenye skrini natazama siku aliyochukua dawa mara ya mwisho, uzito wake na kiwango cha virusi mwilini. Zamani tulipanda kiti kupekua faili rafuni.

Mfumo huo ni KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS. OpenMRS ni programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa: yeyote anaichukua na kuibadilisha bila kulipa leseni. Ilianza kutengenezwa 2004. Eldoret ndiko ilikotumika kwanza, Februari 2006, na Rwinkwavu kule Rwanda wakafuata Agosti. Lakini mishahara ya wanaotutunzia mfumo imetegemea sana PEPFAR, fedha za Marekani za kupambana na UKIMWI. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, kijana tuliyekuwa tukimpigia mfumo ukikwama alinijibu kwa sauti ya chini: "Dada, nimeambiwa nirudishe kompyuta." Wiki iliyofuata seva yetu ikazima. Tukarudi kwenye daftari.

Nasema wizara inayotegemea programu huria iitengee fungu la matunzo kwenye bajeti yake yenyewe. Leseni ndiyo ya bure. Kazi ina mtu, na mtu anakula.

Mchangiaji wa kwanza:
Dada, pole kwa yaliyokukuta, ila sikubaliani nawe. Kwetu mama anayekwenda kujifungua anaagizwa aje na glavu zake. Bajeti hiyohiyo ilipie kitu kinachopakuliwa bure? Na tenda za kompyuta tunazijua: fungu litaishia kwa kampuni ya mtu. Wafadhili walioleta mfumo waendelee kuulea.

Mchangiaji wa pili:
Hofu ya tenda ni ya kweli. Ila kungoja wafadhili kumewaponza hata matajiri. OpenSSL, nayo programu huria, inalinda mawasiliano ya mabenki na tovuti duniani kote, na bado ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa kudumu na michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Aprili 2014 ikagundulika ndani yake kasoro ya Heartbleed, iliyoweza kuvujisha siri za watumiaji, ndipo Google, Microsoft na Facebook wakachanga kupitia Linux Foundation, taasisi inayosaidia programu huria. Ujerumani nayo, tangu 2022, inatoa fedha za serikali kulipia matunzo ya programu huria kupitia Sovereign Tech Fund. Sisi tuanzie vyuoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Fungu lipite huko.

Mtoa hoja:
Vyuo naafiki. Tena msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, ukiwa wazi, kila rekebisho linaonekana na tarehe yake, kwa hiyo mkaguzi anajua fedha imefanya nini. Tenda ya programu iliyofungwa haikupi hilo.

Kaka wa glavu, sikupingi kwamba zinahitajika. Lakini katika zile wiki za daftari, mama mmoja mjamzito aliondoka bila majibu ya kiwango cha virusi, maana yalikuwa ndani ya seva iliyozima. Siku kumi nilimtafuta kwa simu ya jirani yake. Mtoto wake naye ni wa bajeti hiyohiyo.

Mlioko vyuoni, semeni: kututunzia mfumo huu mwaka mzima kunahitaji watu wangapi, na kwa shilingi ngapi?