Gumzo la ukoo: wale watu wa mitambo ya upepo

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Wale wa umeme wa upepo wamepita tena. Wanataka kukodi shamba la ukoo miaka 25.

Mjomba Saidi: Marahaba. Wape! Upepo unapita hapo tangu enzi za babu, haujatulipa hata senti 😂

Shangazi Rehema: Saidi, wewe uko mjini. Kelele nitazisikia mimi.

Hamisi: Kweli shangazi. Si muungurumo kama wa jenereta, ni fyuu, fyuu, kila bawa likipita. Usiku ndiyo inasikika zaidi. Dawa yake ni umbali. Denmark nyumba inatakiwa iwe mbali angalau mara 4 ya urefu wa mtambo. Ukiwa wa mita 150, basi mita 600.

Neema: Na kivuli pia. Jua likiwa chini, mabawa yanakatiza mwanga dirishani, unawaka unazima, unawaka unazima.

Hamisi: Hicho kinapigiwa hesabu mapema, mtambo unasimamishwa dakika hizo. Lakini lazima iandikwe kwenye mkataba.

Shangazi Rehema: Mifugo je?

Hamisi: Ng'ombe wanalisha mpaka chini ya mnara. Ardhi inayoliwa ni ya msingi na barabara.

Neema: Msitulize watu haraka hivyo. Norway, kule Fosen, wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa kule, walikwenda mahakamani kwa ajili ya malisho. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikasema vibali vya mitambo ya upepo vimevunja haki zao. Mitambo ilishajengwa na ikaendelea kuzunguka.

Mjomba Saidi: Yaani wameshinda kesi na mitambo ipo?!

Neema: Ndiyo. Wakaja kupatana baadaye sana. Malalamiko yaje kabla ya zege, mjomba.

Mjomba Saidi: Haya. Ila umeme si tutaupata sisi kwanza?

Hamisi: Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Umeme unapanda laini kubwa unakwenda gridi, unaweza kupita juu ya paa lako na wewe una koroboi. Kule Ziwa Turkana, Kenya, mitambo 365 ilikamilika 2017, ikakaa ikingoja laini mpaka 2018. Kuvutiwa umeme nyumbani ni makubaliano mengine kabisa.

Shangazi Rehema: Na kazi za vijana?

Hamisi: Wakati wa ujenzi nyingi. Baada ya hapo walinzi na mafundi wachache.

Neema: Pesa yenyewe ni kodi ya mwaka au asilimia ya mauzo?

Hamisi: Wamesema kodi.

Neema: Ipande na bei za vitu basi, la sivyo miaka 10 ijayo hainunui kitu. Na jirani asiye na mtambo shambani naye apate chochote, maana kelele haijui mpaka.

Hamisi: Babu ametuma sauti, anauliza: mitambo ikichoka itabomolewa na nani?

Shangazi Rehema: Mzee ana akili kutushinda sote.

Hamisi: Chuma cha mnara kitauzwa chakavu, hakina shida. Mabawa ndiyo kazi, ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, kuyayeyusha upya ni ngumu. Kwingine yanafukiwa tu ardhini.

Neema: Pesa ya kubomoa iwekwe benki tangu mwanzo. Kampuni ikifilisika tutabaki na minara.

Mjomba Saidi: Na mimi nilishaanza kuulizia bei ya pikipiki 🙈

Shangazi Rehema: Hasaini mtu mpaka wakili ausome mkataba. Hamisi, piga picha kurasa zote uweke hapa, si ule wa malipo peke yake.